Heinrich Hertz

Heinrich Rudolf Hertz (Hamburg, 22 Februari 1857 – Bonn, 1 Januari 1894) alikuwa mwanafizikia kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwa majaribio, kati ya miaka 1886 na 1889, kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo kweli na kwamba yanaweza kusafiri hewani bila waya. Kipimo cha marudio ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, kinaitwa hezi (alama yake Hz) kwa heshima yake.

Hertz alifariki akiwa na umri wa miaka 36, kabla mtu yeyote hajatuma ujumbe kwa redio. Hata hivyo, mambo aliyoyaona katika ukumbi mmoja wa chuo mjini Karlsruhe ndiyo yanayoamua hadi leo kama simu itapata mtandao chumbani au la, iwe nyumba hiyo iko Hamburg au Dodoma.

Utoto na familia

Hertz alizaliwa katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake, Gustav Ferdinand Hertz, alikuwa mwanasheria ambaye baadaye alikuwa seneta wa mji huo. Mama yake, Anna Elisabeth Pfefferkorn, alikuwa binti wa daktari. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi, lakini ulikuwa umejiunga na Kanisa la Kilutheri kabla Heinrich hajazaliwa, na yeye alilelewa katika imani hiyo.

Shuleni aliongoza katika masomo mengi. Alikuwa na kipaji cha lugha: pamoja na Kigiriki na Kilatini vilivyofundishwa wakati huo, alijifunza pia Kiarabu na Kisanskriti. Alipenda vilevile kazi za mikono. Nyumbani alikuwa na meza ya useremala na mashine ya kukerezea, akajitengenezea vifaa vya fizikia mwenyewe. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha kukereza alisikitika baadaye aliposikia kijana huyo amekuwa profesa, kwa kuwa aliona angekuwa fundi hodari. Ustadi huo wa mikono haukupotea: vyombo vilivyompatia sifa duniani vilikuwa vya waya, shaba, zinki na mbao, na vingi alivibuni mwenyewe.

Masomo

Baada ya kumaliza shule mwaka 1875 Hertz alikusudia kuwa mhandisi wa ujenzi. Alifanya kazi ya mafunzo mjini Frankfurt, akasoma kwa muda mfupi Dresden, kisha akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja mjini Berlin. Mwaka 1877 alikwenda München ili aendelee na uhandisi, lakini huko aliona wazi kwamba moyo wake uko katika sayansi yenyewe. Alimwandikia baba yake kuomba ruhusa ya kubadili masomo, na baba akakubali.

Mwaka 1878 alihamia Chuo Kikuu cha Berlin, ambako walimu wake walikuwa Hermann von Helmholtz na Gustav Kirchhoff, wanafizikia wakubwa wa Ujerumani wakati huo. Helmholtz alimtambua mapema. Mwaka uliofuata Hertz alishinda zawadi ya kitivo kwa kuchunguza kama mkondo wa umeme una inesha, na mwaka 1880 alipata shahada ya uzamivu. Alibaki Berlin kama msaidizi wa Helmholtz hadi 1883.

Katika miaka hiyo alichunguza pia jinsi vitu viwili vigumu vyenye nyuso za mviringo vinavyobonyea vinapogandamizwa. Kanuni alizozitoa bado zinatumiwa na wahandisi wanapokadiria mgandamizo kati ya gurudumu la treni na reli, au kati ya gololi na beringi yake.

Swali alilorithi

Mwaka 1865 mwanafizikia wa Uskoti James Clerk Maxwell alikuwa ametoa nadharia kwamba umeme na sumaku ni pande mbili za jambo moja, kwamba mabadiliko yake husambaa kama wimbi, na kwamba nuru yenyewe ni wimbi la aina hiyo. Nadharia hiyo ilikuwa ya hesabu tu. Maxwell alifariki mwaka 1879 bila mtu yeyote kutengeneza wimbi kama hilo kwa umeme na kulipima. Katika bara la Ulaya wataalamu wengi waliendelea kuamini kwamba nguvu ya umeme hufika mbali papo hapo, bila kusafiri katika nafasi iliyopo katikati.

Mwaka huohuo wa 1879 Akademia ya Sayansi ya Berlin ilitangaza zawadi kwa atakayethibitisha kwa majaribio sehemu muhimu ya nadharia hiyo. Helmholtz alimshauri Hertz ajaribu. Kijana alipiga hesabu, akaona hakuna chombo kinachoweza kutetemesha umeme kwa haraka ya kutosha, akaliacha swali hilo. Lakini hakulisahau. Alipokuwa mhadhiri huko Kiel, kuanzia 1883 hadi 1885, hakuwa na maabara ya maana, hivyo alitumia muda wake kuzichambua hesabu za Maxwell. Mwaka 1884 alitoa makala iliyoonyesha njia yake mwenyewe ya kuzifikia kanuni hizo.

Karlsruhe: cheche ndogo

Mwaka 1885 Hertz alipata uprofesa katika Chuo cha Ufundi cha Karlsruhe, kilichokuwa na vifaa vizuri vya fizikia. Mwaka uliofuata alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mhadhiri mwenzake. Walipata mabinti wawili, Johanna mwaka 1887 na Mathilde mwaka 1891.

Katika vuli ya 1886, akitumia koili mbili za kufundishia, Hertz aliona kwamba cheche ikiruka katika koili moja, cheche nyingine ndogo huruka katika koili ya pili isiyounganishwa nayo. Mwalimu mwingine angeweza kuliona hilo kuwa tukio dogo la darasani. Hertz alitambua kwamba amepata kile alichokikosa mwaka 1879: njia ya kutetemesha umeme kwa kasi kubwa mno.

Alitengeneza chombo cha kurusha mawimbi. Kilikuwa waya mnene wa shaba uliokatwa katikati na kuachwa pengo dogo, na kila ncha ya nje ilikuwa na tufe la zinki. Koili kubwa ya umeme iliposukuma cheche katika pengo, umeme ulikwenda mbele na nyuma mamilioni ya mara kwa sekunde. Chombo cha kupokea kilikuwa rahisi zaidi: waya uliokunjwa kuwa duara, wenye pengo jembamba linalorekebishwa kwa skrubu. Wimbi lilipofika, cheche yenye urefu wa sehemu ndogo ya milimita iliruka katika pengo hilo. Hertz alikaa gizani hadi macho yake yazoee, kisha akazitafuta cheche hizo moja moja.

Ili azione vizuri, aliufunika mpokeaji kwa kasha jeusi. Kwa mshangao wake cheche zikawa fupi zaidi. Badala ya kulipuuza jambo hilo alilifuatilia kwa miezi kadhaa, akagundua kwamba mionzi ya urujuanimno kutoka cheche kubwa ilikuwa ikisaidia cheche ndogo kuruka. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1887, kisha akarudi kwenye kazi yake kuu. Leo jambo hilo linaitwa athari ya fotoumeme. Albert Einstein alilieleza mwaka 1905, na maelezo hayo ndiyo yaliyompatia Tuzo ya Nobel.

Ukumbi wa majaribio

Mwaka 1888 Hertz alihamishia vyombo vyake katika ukumbi wa mihadhara wenye urefu wa mita 15, upana wa mita 14 na kimo cha mita 6. Kabla ya kuanza ilimbidi aujue ukumbi wenyewe. Kulikuwa na safu mbili za nguzo za chuma, na aliona kwamba kwa mawimbi yake kila safu ilikuwa kama ukuta mzima. Kwa hiyo hakuweza kutumia upana wote wa mita 14, bali mita 8.5 za katikati tu. Aliondoa pia taa za kuning'inia na mabomba ya gesi yaliyoshuka kutoka darini.

Kwenye ukuta wa mwisho alibandika bati la zinki lenye kimo cha mita 4 na upana wa mita 2. Mawimbi yaliyorushwa yaligonga bati hilo na kurudi, yakakutana na yale yaliyokuwa yakija. Hertz alipita ukumbini na duara lake la waya hatua kwa hatua. Mahali pengine cheche zilikuwa na nguvu, mahali pengine zilififia kabisa, kisha zikarudi tena. Hivyo ndivyo wimbi linavyofanya likikutana na mwangwi wake. Kwa kupima umbali kati ya sehemu zilizokufa alipata urefu wa wimbi. Nguvu ya umeme isingekuwa inasafiri kama wimbi, sehemu hizo zisingekuwepo.

Mwishoni mwa 1888 alitengeneza chombo kidogo zaidi kilichotoa mawimbi ya urefu wa sentimita 66 hivi, akakiweka ndani ya kioo kilichopinda cha bati la zinki chenye kimo cha mita 2. Kioo cha pili kama hicho kilikusanya mawimbi upande wa kupokea. Kwa vifaa hivyo alionyesha mambo yafuatayo:

- Mawimbi husafiri kwa mstari mnyoofu. Msaidizi wake alipopita katikati, cheche zilizimika. Alipoondoka, ziliwaka tena.
- Chuma na bati huyazuia na kuyarudisha, kama kioo kinavyorudisha nuru.
- Mbao huyapitisha. Mpokeaji alitoa cheche akiwa katika chumba cha pili huku mlango wa mbao umefungwa.
- Hupinda yanapoingia katika kitu kingine. Kwa jaribio hili alitengeneza mche wa lami ngumu wenye uzito wa kilo 600 hivi.
- Yana mwelekeo. Fremu yenye nyaya za shaba zilizopangwa sambamba iliyazuia mawimbi ikiwekwa upande mmoja, na kuyapitisha ikigeuzwa robo ya mzunguko.

Mambo haya yote hutendwa na nuru pia. Nadharia ya Maxwell ilikuwa imethibitishwa, na habari zilienea haraka katika vyuo vya Ulaya.

Makosa yake na jinsi alivyoyakubali

Kazi ya Hertz haikukosa makosa. Katika majaribio ya kwanza ya 1888 alipata matokeo kwamba mawimbi yanayofuata waya huenda polepole kuliko yale ya hewani, jambo lisilokubaliana na nadharia aliyokuwa akiipima. Aliyachapisha kama alivyoyaona. Katika hesabu zake mlikuwa pia na kosa ambalo mwanahisabati wa Ufaransa Henri Poincaré alilionyesha baadaye.

Edouard Sarasin na Lucien de la Rive walirudia jaribio hilo huko Geneva katika ukumbi mkubwa zaidi, wakaona kwamba kasi hizo mbili ni sawa. Ukumbi wa Karlsruhe ulikuwa mdogo mno kwa mawimbi marefu ya chombo cha kwanza. Kuta na vyuma vilivyomo vilirudisha mawimbi na kuvuruga vipimo. Hertz alipokusanya makala zake katika kitabu mwaka 1892, aliandika utangulizi ulioeleza makosa yake waziwazi, akiyaacha katika makala ili msomaji aone njia halisi aliyopita.

Mwaka 1889 mhandisi mmoja alimwandikia akiuliza kama mawimbi haya yangeweza kubeba sauti ya simu bila waya. Hertz alijibu kwamba haiwezekani, kwa sababu mitetemo ya sauti ni ya polepole mno: wimbi lake lingekuwa na urefu wa mamia ya kilomita na lingehitaji vioo vyenye ukubwa wa bara zima. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokuwa bado hakijabuniwa ni njia ya kuipandisha sauti juu ya wimbi lenye mitetemo ya haraka, kama redio ifanyavyo sasa.

Bonn, ugonjwa na kifo

Mwaka 1889 Hertz alihamia Chuo Kikuu cha Bonn kuchukua nafasi ya Rudolf Clausius aliyefariki. Mwaka 1890 alipokea Medali ya Rumford ya Shirika la Kifalme la London. Huko Bonn alichunguza jinsi mionzi ya kathodi inavyopenya karatasi nyembamba za metali, kazi iliyoendelezwa na msaidizi wake Philipp Lenard. Alianza pia kitabu kikubwa kuhusu misingi ya umakanika.

Tangu 1892 afya yake iliharibika. Alipata maumivu makali ya kichwa na maambukizi puani na masikioni, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Aliendelea kufundisha kila alipopata nafuu, na alijitahidi kukamilisha kitabu chake. Alifundisha kwa mara ya mwisho Desemba 1893, akafariki siku ya Mwaka Mpya wa 1894. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg. Kitabu chake cha umakanika kilitolewa mwaka huohuo baada ya kifo chake. Helmholtz, mwalimu wake, alikiandikia dibaji, na yeye mwenyewe akafariki kabla mwaka haujaisha.

Familia yake na utawala wa Wanazi

Elisabeth Hertz hakuolewa tena. Aliwalea mabinti wake peke yake. Mathilde alikuwa mwanabiolojia na alichunguza jinsi wanyama, wakiwemo nyuki, wanavyotambua maumbo.

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, asili ya Kiyahudi ya baba yake Hertz ilitumiwa dhidi ya ukoo mzima, ingawa yeye alikuwa Mlutheri na alikuwa amefariki miaka 39 kabla. Picha yake iliondolewa katika jumba la mji wa Hamburg. Mathilde alizuiwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Berlin. Mjane na mabinti wote wawili walihamia Uingereza katikati ya miaka ya 1930 na kuishi Cambridge hadi mwisho wa maisha yao. Lenard, aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa mfuasi mkubwa wa Wanazi na adui wa sayansi aliyoiita ya Kiyahudi.

Jina la Hertz halikufutika. Tume ya Kimataifa ya Umeme ilikuwa imelichagua kuwa jina la kipimo mwaka 1930, na mwaka 1960 likaingizwa katika vipimo vya SI vinavyotumika duniani kote.

Mpwa wake Gustav Ludwig Hertz alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1925. Mtoto wa mpwa huyo, Carl Hellmuth Hertz, alishiriki nchini Uswidi kuanzisha uchunguzi wa moyo kwa mawimbi ya sauti.

Kutoka Karlsruhe hadi Afrika Mashariki

Mwaka 1894, baada ya kifo cha Hertz, kijana wa Italia Guglielmo Marconi alisoma habari za majaribio yake, akaanza kutafuta namna ya kutuma ishara za simu ya maandishi kwa mawimbi hayo. Oliver Lodge huko Uingereza, Aleksandr Popov huko Urusi na Jagadish Chandra Bose huko Kalkuta walifanya kazi katika uwanja huohuo. Mwaka 1901 Marconi alipokea ishara iliyovuka Bahari ya Atlantiki.

Afrika Mashariki haikuchelewa sana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilikuwa na vituo vya simu bila waya Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na shabaha yake ilikuwa kituo hicho cha mawasiliano. Matangazo ya redio kwa wananchi wa Tanganyika yalianza mwaka 1951 kupitia Sauti ya Dar es Salaam. Kwa vijiji vya nyanda za kati, vilivyo mbali na pwani, redio ya betri ilikuwa kwa miaka mingi njia ya haraka kuliko zote ya kupata habari.

Ugunduzi wake katika mtandao wa nyumbani

Ruta ya Wi-Fi ni mrithi wa chombo cha Karlsruhe. Hurusha mawimbi yenye marudio ya gigahezi 2.4 au 5, yaani mitetemo bilioni 2.4 au 5 kwa sekunde. Kwa kuwa kasi ya mawimbi ni kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5 kwa gigahezi 2.4, na sentimita 6 kwa gigahezi 5. Ni mawimbi mafupi kuliko yote ambayo Hertz aliyatengeneza, lakini yanafuata kanuni zilezile.

Mfano mzuri ni nyumba za Dodoma. Tembe ya asili ya Wagogo ilijengwa kwa miti na udongo, haina nondo wala bati. Nyumba zilizojengwa tangu mji uwe makao makuu ya serikali, katika mitaa kama Kisasa, Ilazo na Nkuhungu, kwa kawaida zina kuta za tofali za saruji au za kuchoma, nguzo na mikanda ya zege yenye nondo, paa la bati, mageti ya chuma na grili madirishani. Kwa mawimbi, nyumba hizo zinafanana na ukumbi wenye nguzo za chuma. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba mtandao upo sebuleni lakini haufiki chumba cha nyuma anakutana na jambo lilelile lililompunguzia Hertz ukumbi wake.

Kutokana na majaribio hayo inawezekana kueleza taratibu za kuboresha mtandao nyumbani:

- Kupima kwanza. Kama Hertz alivyozunguka na duara lake, mtu anaweza kuzunguka na simu chumba kwa chumba na kuandika mahali mtandao unapofika na unapokatika. Apime pia karibu kabisa na ruta: kama kasi ni ndogo hata hapo, tatizo liko kwenye huduma inayoingia nyumbani, na kuongeza vifaa ndani hakutasaidia.
- Kuweka ruta katikati. Ruta iliyowekwa pembeni ya nyumba hupeleka nusu ya mawimbi yake uani au kwa jirani. Mahali pazuri ni katikati, juu ya rafu au kabati la mbao, pasipo na vitu vilivyoifunika.
- Kuepuka chuma na maji. Friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha ukutani na mlango wa chuma hurudisha mawimbi. Maji huyafyonza, hivyo tanki la maji lililo kati ya ruta na chumba ni kizuizi kikubwa. Hata mwili wa binadamu huzuia kiasi, kama msaidizi wa Hertz alivyozima cheche.
- Kuangalia nyavu. Wavu wa chuma wenye matundu madogo sana kuliko urefu wa wimbi huwa karibu sawa na bati. Wavu wa mbu wa plastiki hauzuii.
- Kuchagua marudio yanayofaa. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali. Gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi lakini huishiwa nguvu mapema. Chumba chenye ruta kinafaidika na 5, vyumba vya mbali na 2.4.
- Kugeuza antena. Kwa kuwa mawimbi yana mwelekeo, kubadili ulalo wa antena za ruta kunaweza kuleta tofauti. Kusogeza simu au kompyuta sentimita chache pia husaidia, kwa sababu mawimbi yanayorudi kutoka kuta huacha sehemu zilizokufa, kama zile za ukumbini.
- Kuongeza kifaa cha pili mahali sahihi. Kosa la kawaida ni kuweka kiongeza mawimbi ndani ya chumba kisicho na mtandao. Hakiwezi kurudia kile ambacho hakikipokei. Kiwekwe njiani, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Iwapo kuta ni nene, au kuna banda la uani lenye ukuta wake, suluhisho la kudumu ni kuvuta waya wa mtandao kutoka ruta ya kwanza hadi kifaa cha pili.

Hakuna kifaa kinachobadilisha kanuni hizi. Ruta ya bei kubwa iliyofungiwa nyuma ya geti la chuma inaweza kushindwa na ya bei nafuu iliyowekwa mahali pazuri.

Kumbukumbu

Pamoja na kipimo cha hezi, jina la Heinrich Hertz limepewa taasisi ya utafiti wa mawasiliano mjini Berlin, mnara wa mawasiliano mjini Hamburg na kreta upande wa mbali wa Mwezi. Katika shule za sekondari wanafunzi wengi hukutana naye kwanza kama herufi mbili zinazofuata namba, bila kuambiwa kwamba zilikuwa za mtu aliyekaa gizani akitafuta cheche isiyofika milimita moja.